Kifungashio cha kashata za watoto: anza na mkono wa mtoto, katuni ije mwisho

Wajasiriamali wengi wa Tabora wanaopaki kashata na vitafunwa vya watoto wa shule huanzia mahali pamoja: kwa kijana wa steshenari, kuchorewa katuni. Mfuko unatoka unang'aa. Ukifika dukani mtoto anashindwa kuufungua, anaung'ata kona, anavuta kwa nguvu zote, na kashata inaishia mchangani. Mama aliyesimama pembeni akiona hivyo kesho ananunua biskuti.

Hapa tunakwenda kinyume: chakula kwanza, kisha mfuko, kisha mdomo wa mfuko, kisha maandishi. Picha ni mwisho kabisa. Mfano nitakaoutumia ni kashata ya karanga iliyoshikanishwa kwa sukari na asali, kipande cha g 25, maana karanga zipo kila wilaya na asali ya Sikonge haihitaji kutangazwa. Anayepaki korosho, ubuyu au ndizi kavu atabadilisha vipimo tu.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Mashine ya mkono ya kubana mifuko kwa joto, yenye mstari wa kubania wa angalau mm 5
- Sampuli za mifuko ya aina tatu au nne, michache michache. Usinunue kwa kilo bado
- Mkasi wa kawaida, na mkasi wa meno wanaotumia mafundi cherehani
- Mizani inayosoma gramu moja moja
- Rula, beseni la maji, na kiini cha karatasi ya chooni (lile bomba la boksi linalobaki karatasi ikiisha)
- Muhuri wa tarehe wenye wino wa kudumu
- Daftari
- Watoto kumi wa umri unaoulenga, na ruhusa ya wazazi wao

Kama bado unafunga mifuko kwa pini za stepla, acha leo. Pini ikichomoka haionekani ndani ya kashata. Mshumaa nao si njia: unaacha masizi na vitundu vidogo ambavyo macho hayavioni lakini sisimizi wanavijua.

## Hatua ya 1: Amua ni mtoto wa umri gani

"Watoto" si umri. Mtoto wa miaka 3 na wa miaka 8 wana meno tofauti, koo tofauti na vidole tofauti. Usipoamua sasa, kila hatua inayofuata itakuwa ya kubahatisha.

Kwa kashata ya karanga jibu ni moja: miaka 5 na kuendelea. Karanga nzima ni hatari ya kupaliwa kwa mtoto mdogo. Ni ngumu, inateleza kwa nje, na inakaa vizuri mno kwenye njia ya hewa. Kwa asali kuna onyo jingine zito zaidi. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 hapewi asali kabisa, hata ya kulamba, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Utumbo wa mkubwa unazimudu, wa mtoto mchanga haujawa na uwezo huo. Mbegu hizo hustahimili maji yanayochemka, kwa hiyo usijifariji kwamba "sisi tunaipika".

Chukua kile kiini cha karatasi ya chooni. Kitu kinachopita ndani yake ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka 3. Kashata za duara kama gololi zitapita zote. Ndiyo maana napendekeza kipande kirefu, kama sm 7 kwa sm 3 na unene wa sm 1, ambacho mtoto anakishika upande mmoja na kung'ata mwingine. Kipande hiki nacho kitapita kikisimama wima, na hiyo ni sababu nyingine ya kuandika umri waziwazi.

Umefaulu ukiwa umeandika kwenye daftari sentensi moja: bidhaa gani, kipande cha ukubwa gani, kwa mtoto wa umri gani, na nani haruhusiwi kula.

## Hatua ya 2: Chagua mfuko kulingana na adui wa chakula chako

Kashata ya karanga ina maadui watatu. Hewa na mwanga huyachachisha mafuta ya karanga. Unyevu huilainisha, kwa kuwa asali na sukari hufyonza maji ya hewani. Wadudu hawahitaji maelezo.

Tabora unyevu una ratiba yake. Kuanzia Mei hadi Oktoba hewa ni kavu na kashata inakaa kwenye mfuko wowote bila kulalamika. Mvua zikianza Novemba, mfuko uleule unatoa kashata inayonata vidoleni. Ukijaribu kifungashio chako Julai peke yake utadanganyika.

Sampuli utakazokutana nazo ni hizi:

Nailoni laini ya PE. Ni rahisi na inabanwa vizuri, lakini mtoto akiivuta inanyumbuka badala ya kuchanika. Kwa mkono wa mtoto ndiyo mbaya kuliko zote.

Mfuko mkavu unaopiga kelele ukiukunja (OPP). Ukiupa mkato mdogo unachanika moja kwa moja. Ukiwa peke yake, bila tabaka la ndani, mstari wa kubania huwa dhaifu.

Mfuko wa matabaka, OPP nje na PE ndani. Unachanika kwa nje na kubanwa kwa ndani. Ukiwa na silva katikati unazuia mwanga pia. Huu ndio chaguo langu kwa bidhaa yenye mafuta.

Mfuko wa kaki. Unapendeza na unaonekana wa asili, ila kaki tupu inanyonya mafuta ya karanga, na baada ya muda mfupi inakuwa na madoa kama karatasi ya maandazi. Ukitaka kaki, chukua yenye tabaka la plastiki ndani.

Karatasi ya gazeti au daftari lililotumika haigusi chakula hata kwa dakika moja. Mafuta ya karanga huvuta wino. Kosa hilohilo hutokea pale lebo inapotumbukizwa ndani ya mfuko pamoja na kashata ili "isibanduke".

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea iliyoanza tarehe 1 Juni 2019 haikugusa vifungashio vya chakula kilichosindikwa. Lakini ukimkabidhi mteja kashata zako ndani ya mfuko laini wa plastiki wa kubebea, hapo umeingia kwenye marufuku. Tumia wa karatasi au ule wa kitambaa.

Na jambo moja ambalo hakuna mfuko utakaloliponya: karanga zenye sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mwisho mikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo moja ya karanga, na zisizidi 5 za aina ya B1. Karanga zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitolewe kabla hujafikiria mfuko, na hata zilizobaki zikapimwe. Kukaanga hakuimalizi sumu hiyo.

Umefaulu ukiwa umepaki kashata kwenye kila aina ya mfuko, ukaziacha nusu kwenye kabati na nusu kwenye rafu inayopigwa na jua, na baada ya wiki kadhaa unaweza kusema kwa kunusa na kuvunja ipi imebaki kavu.

## Hatua ya 3: Tengeneza mdomo wa mfuko

Hapa ndipo wengi wanaanguka, na ndipo inafaa kupoteza muda.

Kwa kipande cha sm 7 kwa 3, chukua mfuko bapa wa upana wa sm 7 na urefu wa sm 13. Unaonekana mkubwa, lakini hesabu: mstari wa chini wa kubania unakula sm 1, kashata na unene wake sm 8, zinabaki sm 4 juu. Hizo nne ndizo mpini wa mtoto. Mfuko uliobana kashata hadi shingoni hauna pa kushika, na ndiyo sababu meno yanaingia kazini.

Sasa fanya hivi:

1. Futa mafuta na chenga sehemu ya ndani itakayobanwa. Tumia kipande cha karatasi ngumu kama mlango wa kupitishia kashata, ili isiguse kuta za juu. Chenga moja tu ya karanga kwenye mstari wa kubania ni njia ya hewa.

2. Anza na joto la chini kwenye mashine, bana, subiri sekunde chache mstari upoe huku mkono wa mashine ukiwa bado umeshuka, kisha vuta kwa nguvu. Mstari ukiachia, panda namba moja. Mstari mzuri ni wazi, hauna mapovu wala mikunjo. Ukiona umekuwa wa kahawia au umekatika pembeni, umezidisha.

3. Kata mkato mdogo wa V wenye kina cha mm 3 upande wa kushoto, na mwingine mkabala nao upande wa kulia, kama sm 1 chini ya mstari wa juu. Pande mbili, kwa sababu kuna watoto wanaotumia mkono wa kushoto. Mkato ukae ndani ya ukingo uliobanwa wa pembeni. Ukipita ukingo huo umetoboa mfuko.

4. Kama mfuko wako hauna kingo za pembeni, yaani umeungwa mgongoni tu, usikate pembeni. Tumia mkasi wa meno wa fundi cherehani kwenye ncha ya juu, juu ya mstari wa kubania. Kila jino linakuwa mahali pa kuanzia kuchana.

5. Hakikisha kati ya mkato na kashata kuna nafasi ya sm 2 hivi. Mchano ukipita juu ya kashata, kipande kinaruka.

Mbona tusibane kidogo tu ili mtoto avute na kuachia? Kwa sababu mstari dhaifu haujui kutofautisha mkono wa mtoto na mtikisiko wa bodaboda. Bana imara, kisha mpe mtoto mlango wa pembeni.

Usiweke ndani kile kipakiti cha kukausha unyevu, hata kama kimeandikwa onyo. Mtoto wa darasa la kwanza anaona kitu kidogo chenye punje tamu. Usiweke pia toi, stika wala kadi ya zawadi inayogusana na chakula.

Jaribio la beseni. Zamisha mfuko uliofungwa kwenye maji, ubonyeze taratibu. Povu likitoka mara kwa mara sehemu moja, panavuja. Kisha angusha mifuko kumi kutoka usawa wa meza kwenye sakafu ya saruji, uirudishe kwenye maji.

Umefaulu ukiwa mifuko yote kumi haitoi povu, na wewe mwenyewe unaifungua kwa vidole viwili vya mkono uliopakwa mafuta kidogo.

## Hatua ya 4: Wape watoto, kisha nyamaza

Kabla mtoto hajagusa kitu, muulize mzazi kama ana mzio wa karanga. Kama hana uhakika, weka kipande cha mbao laini cha ukubwa uleule ndani ya mfuko. Unajaribu mfuko, si ladha.

Mpe mtoto mfuko bila maelekezo yoyote. Usimwambie "chana hapa". Dukani hutakuwepo. Angalia anaugeuza mara ngapi, anaanzia wapi, na kama unaelekea mdomoni. Usicheke, maana akiona unacheka ataurudisha. Wasiojaribu wakae mbali, la sivyo wa pili atamwiga wa kwanza.

Wanane kati ya kumi wafungue bila meno na bila kumwaga. Chini ya hapo, rudi Hatua ya 3. Tatizo mara nyingi ni mkato usioonekana: mfuko unang'aa, mkato nao unang'aa. Mstari wa rangi nzito na mshale mmoja unaoelekea kwenye mkato hutosha. Mchoro wa mkasi usiuweke. Mtoto atakwenda kutafuta mkasi.

## Hatua ya 5: Maandishi, kabla ya picha

Nafasi ya maandishi itengwe sasa, picha ipewe kinachobaki. Ukianza na picha, viambato vitaishia kwenye herufi ambazo hata mwenye miwani anaziacha.

Nyuma ya mfuko wa kashata yetu pangekuwa hivi:

> KASHATA YA KARANGA NA ASALI
> Viambato: karanga, sukari, asali, chumvi
> Mzio: ina KARANGA
> Kwa watoto wa miaka 5 na kuendelea. Mtoto ale akiwa ameketi.
> Ina asali: asipewe mtoto wa chini ya miezi 12
> Uzito halisi: g 25
> Hifadhi mahali pakavu pasipo na jua
> Toleo Na. / Imetengenezwa / Mwisho wa matumizi
> Jina na anwani ya mtengenezaji, Tabora, Tanzania

Viambato vinapangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Ukitangulisha asali kwa sababu inauza wakati sukari ndiyo nyingi, unamdanganya mnunuzi na mkaguzi atakuuliza. Kama jiko lako linatengeneza pia vitu vya maziwa, ufuta au ngano, sema hivyo chini ya neno la mzio.

Herufi ndogo kuliko zote zisipungue urefu wa mm 2. Andika Kiswahili kwanza. Tarehe isiandikwe kwa kalamu ya wino wa kawaida juu ya mfuko wenye mafuta. Itafutika mfukoni mwa sare ya shule.

Usiandike "inaongeza akili", "inatibu upungufu wa damu" wala "imethibitishwa na madaktari". Najua jirani yako ameandika. Madai ya afya yanataka ushahidi, na huna maabara.

Usimamizi wa usalama wa chakula ulihamia TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kutoka TFDA (iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa) mwaka 2019. Bado naona stika zinazotoka kwenye violezo vya zamani zikiwa na "TFDA" kwenye kona. Zinakutambulisha kama mtu asiyefuatilia. Mjasiriamali mdogo aanzie ofisi ya mkoa ya SIDO (shirika linalohudumia viwanda vidogo), aeleze bidhaa, achukue barua ya utambulisho, kisha aende TBS na sampuli ya lebo kabla ya kuchapa. Alama ya TBS usiiweke mpaka upewe leseni ya kuitumia.

## Hatua ya 6: Sasa picha, rangi na jina

Mtoto wa darasa la kwanza haombi kwa jina la kampuni. Anasema, "Shikamoo, naomba ile ya nyuki." Kwa hiyo picha yako iwe kitu kimoja kinachotajika kwa neno moja: nyuki, twiga, treni. Mandhari ya msitu wa miombo yenye mizinga, machweo na familia inayotabasamu ni kazi nzuri ya sanaa, lakini mtoto hawezi kuiagiza dukani.

Chora mwenyewe au lipa mchoraji. Katuni za televisheni zina wenyewe, na hazigeuki zako kwa kuwa umezipata mtandaoni.

Picha iseme kweli. Hakuna embe ndani, hakuna embe nje. Usiweke picha ya mtoto mchanga hata kama ni wako na ni mzuri. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 inakataza picha za wachanga kwenye maziwa mbadala, kwa sababu picha hiyo peke yake inamwambia mama "hiki ni cha mtoto wako". Kwenye kashata yenye asali na karanga, ujumbe huo ni hatari kabisa.

Epuka pia kufanana na dawa. Mfuko mweupe wenye msalaba na kijani kibichi unamzoesha mtoto kwamba vitu vya namna hiyo vinaliwa.

Upande wa uchapaji, printa nyingi za wino hutoa rangi inayoyeyuka ikigusa jasho. Omba leza, au stika iliyofunikwa kwa plastiki. Nyekundu hupauka upesi dirishani, kwa hiyo onyo lisitegemee nyekundu. Liandike kwa nyeusi juu ya njano.

Umefaulu ukiwa mtoto ambaye hajawahi kuiona, akioneshwa mara moja na kuulizwa baada ya saa moja, anaitaja bila kusita.

## Hatua ya 7: Msimbo wa mistari

Kwa maduka ya mtaani hauhitajiki. Ukitaka kuingia supamaketi, unapata namba kupitia GS1 Tanzania, shirika linalozitoa. Za Tanzania huanza na 620. Ukubwa wa kawaida ni mm 37 kwa 26 hivi, na unaweza kupunguzwa hadi asilimia 80. Mistari iwe nyeusi juu ya nyeupe. Mistari myekundu haisomeki, kwa kuwa mwanga wa mashine nyingi nao ni mwekundu.

## Hatua ya 8: Bei na kasha la dukani

Mtoto ananunua kwa sarafu. Kama kashata itauzwa Sh 200 rejareja na wewe unampa mwenye duka kwa Sh 150, mfuko, lebo na sehemu yake ya kasha vikizidi Sh 30 umeanza kuuza plastiki. Ikizidi, punguza rangi kabla ya kupunguza ubora wa mfuko.

Paki vipande 24 kwenye boksi gumu linalofunguka mbele na kukaa juu ya kaunta, usawa wa macho ya mtoto. Ukitumia mfuko mkubwa wa plastiki badala ya boksi, utoboe matundu kadhaa pembeni: mfuko wowote unaoweza kuingia kichwa cha mtoto ni hatari baada ya kashata kuisha.

Boksi la kwanza lisafirishe kwa njia ileile ambayo mzigo wako utapita, si kwa gari la rafiki. Lifunge nyuma ya pikipiki, lipeleke hadi Sikonge na kurudi. Lifungue, hesabu zilizovunjika. Zikiwa nyingi, tatizo ni nafasi tupu ndani ya boksi, si mfuko.

## Hatua ya 9: Toleo la majaribio

Chapa lebo chache kwa stika kwanza, uzipeleke maduka matatu: moja karibu na shule, moja stendi, moja mtaani kwako. Mwombe mwenye duka akutunzie mifuko iliyorudishwa badala ya kuitupa. Mfuko uliorudi unasoma kama barua: uliong'atwa kona una tatizo la mkato, uliotepeta una tatizo la kubania, wenye doa la mafuta una tatizo la tabaka.

Katika kila toleo weka mifuko mitatu kwenye kabati lako, yenye namba ileile ya toleo, mpaka tarehe ya mwisho wa matumizi ipite. Fungua mmoja katikati ya muda, wa pili siku ya mwisho. Ukiukuta umechacha kabla ya tarehe uliyoandika, rudisha tarehe nyuma kwenye toleo linalofuata na uwapigie simu wenye maduka waliobaki na mzigo. Wa tatu ni wa siku mzazi atakapopiga simu kulalamika.